Kumtafuta babu aliyekuwa manamba Tanga bila kumaliza akiba: kula kwa bei poa na matembezi ya bure

Kama kwenu kuna babu alienda manamba, yaani kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, akapotelea huko, au alirudi akawa hasemi mengi, basi haya nayaandika kwa ajili yako. Sisi tulienda mwezi wa nane, wanne, mimi na mama na watoto wangu wawili, tumetoka Mbagala tukakaa Tanga siku tano kutafuta kaburi la baba yake mama, Muha wa Kasulu aliyekata mkonge upande wa Muheza mpaka akafia huko mwaka 1971. Mama alikuwa na miaka tisa, akachukuliwa na mjomba wake wakarudi Kigoma, hakukanyaga Tanga tena.

Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo, ila kwa kazi hii usije leo ukaondoka leo. Wazee hawaharakishwi. Unafika unaambiwa bwana fulani yuko shambani njoo kesho, kesho unakuta kaenda msibani, kwa hiyo safari hii inataka siku nyingi kuliko inavyotaka hela nyingi, na kila unachookoa kwenye chakula umejiongezea nusu siku ya kutafuta. Na uzuri ni kwamba pale penye chakula cha bei poa ndo hapo hapo wanapokaa watu wanaokumbuka.

HATUA YA 1: ULIZA NYUMBANI KWANZA, HII NI BURE KABISA

Kabla hujakata tiketi kaa na mkubwa yeyote aliyebaki kwenye ukoo, umuulize haya. Jina alilotumia kambini, sio la nyumbani, manake wengi walibadilisha, au karani aliandika alivyosikia yeye, na wengine walisilimu hukohuko wakawa kina Juma na Ramadhani wakati kwao walijulikana kwa majina ya kikwao. Babu yetu Kasulu alikuwa Ntahondi, shambani alikuwa Saidi, na tungeenda tunauliza Ntahondi tungezunguka mwezi mzima. Alafu uliza kambi, kwa sababu mashambani watu walipangwa kwa makabila, kulikuwa na kambi za Waha, za Wangoni, za Wanyakyusa, za watu wa Msumbiji, hata leo mzee atakwambia "huyo atakuwa wa kambi ya Waha" kabla hajakumbuka jina. Uliza jina la nyapara wake. Uliza kazi yake: mkataji, au mtu wa korona (ndo wanavyoita kile kiwanda cha kukamua majani), au wa brashi (kusafisha nyuzi), au wa toroli (kusukuma majani).

Uliza pia alifikaje. Hapa watu wengi wanachanganya. Reli ya kati ilifika Kigoma 1914, na reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Korogwe 1902, ila hizo reli mbili ziliunganishwa 1963 tu kwa kipande cha Ruvu mpaka Mnyuzi. Kwa hiyo kama babu yako alienda kabla ya hapo hakupanda treni Kigoma akashukia Muheza, kuna mahali alishuka akamalizia kwa lori au kwa miguu, na hapo njiani penyewe anaweza akawa na ndugu au mke ambaye nyie hamumjui.

Tafuta kwenye masanduku ya zamani. Neno manamba limetoka kwenye namba, kila aliyeandikishwa alipewa namba yake, na kulikuwa na kipande, ile kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Kuanzia 1944 uandikishaji ulikuwa chini ya chombo kimoja cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU, ukikuta karatasi yenye hilo neno piga picha mbele na nyuma. Mama hakuwa na karatasi yoyote ila alikuwa na picha moja ya passport imeliwa na mende pembeni, tukaiprinti kopi sita kwa mtu wa stationery hapa mtaani. Hizo kopi zilifanya kazi kubwa kuliko maneno yetu yote.

Na uchukue barua ya serikali ya mtaa unakoishi. Ni karatasi moja tu lakini mtendaji wa kijiji akiiona anatulia.

HATUA YA 2: LALA NGAMIANI, SIO UFUKWENI

Mabasi yanashusha Kange, nje kidogo ya mji, ukishuka usikubali bajaji ya kwanza inayokuvuta begi, tembea mpaka zilipo daladala za mjini. Sisi tulichukua gesti Ngamiani, vyumba viwili, safi, feni inafanya kazi. Ngamiani imepangwa kwa barabara za namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, kwa hiyo hata mtoto hapotei, na mama yangu ambaye hajui mji alikuwa anaenda sokoni peke yake siku ya pili.

Siku ya kwanza tulifanya kosa, tulipofika na njaa tukaenda hoteli moja ya ufukweni kwa sababu watoto walitaka kuona bahari. Samaki wanne na chipsi na soda, 68,000. Mama alikula nusu akafungasha nusu, alikuwa anaiangalia ile risiti mpaka nikaona aibu. Kuanzia pale tulikula kama wenyeji wanavyokula na hakuna aliyelala njaa.

HATUA YA 3: KULA KWA SAA ZA TANGA

Chakula cha Tanga kinafuata saa. Ukikosea saa utakula kilichobaki.

Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, kina mama wanatoa meza mlangoni mwa nyumba zao, vitumbua, maandazi, chapati, na sufuria la mbaazi za nazi limefunikwa na sinia. Tafuta mbaazi. Mbaazi za Tanga zinapikwa mpaka nazi inashika, unachovya chapati unakula na chai, na mpaka saa saba mchana huhitaji kitu. Sisi wanne tulikuwa tunakula chapati sita za 500, sahani mbili za mbaazi za 1,000 na chai nne za 500, jumla 7,000. Ikifika saa tatu mbaazi zimeisha, kwa hiyo amkeni mapema.

Mchana usitafute mgahawa wenye menyu ukutani. Tafuta mamantilie karibu na soko la Mgandini, au karibu na gereji au mahali wanaposhushwa mizigo, pale wanaume wa kazi wanapopanga foleni. Wali wa nazi na maharage ya nazi ndo bei ya chini kabisa, ukiongeza samaki chagua kibua, usichague nguru. Kibua ni samaki mdogo ana mafuta yake, akikaangwa vizuri unatafuna mpaka mapezi. Sisi tulikuwa tunachukua sahani tatu za 2,500 tunaomba na sahani tupu ya nne, watoto wanagawana, hakuna aliyetukatalia. Ukikuta bada, yaani ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa au kisamvu cha nazi, kula siku hiyo hiyo manake haipatikani kila siku.

Ukitaka samaki wa kupika mwenyewe nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi boti zinaporudi. Mnada wa pale ni burudani ya bure kwa watoto hata kama hununui, wangu walisimama saa nzima wanaangalia pweza anapigwa kwenye jiwe alainike. Kama gesti ina jiko la nje, mwenye gesti ukimuomba kwa adabu na ukamtolea hela ya mkaa atakuachia upike.

Jioni baada ya magharibi Ngamiani yote inageuka meza. Mihogo ya kukaanga na chachandu, bagia, katlesi, mishkaki, supu ya pweza kwenye kikombe, mkate wa mofa kama una bahati. Sisi 4,000 ilitutosha wanne kwa sababu mihogo inashiba. Ukijumlisha na 1,000 ya kahawa nitakayosema hapa chini, siku nzima ya chakula tulikuwa tunatumia 19,500. Linganisha na ile 68,000 ya mlo mmoja.

Mambo mawili tu. Ukienda mwezi wa Ramadhani mchana utahangaika na watoto kupata chakula, na sio vizuri kula hadharani, ila jioni utakaribishwa futari na watu ambao hukuwahi kuwaona. Na maji nunua yale ya dumu kubwa mjazie chupa zenu, chupa ndogondogo zinakula hela kimyakimya.

HATUA YA 4: KAA KWENYE BARAZA LA KAHAWA

Hii ndo hatua yenyewe, nyingine zote zinaizunguka hii.

Baada ya swala ya alasiri na tena baada ya isha, wazee wanakaa kwenye mabenchi nje ya nyumba, kuna mtu wa kahawa na birika lake la shaba juu ya jiko dogo la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata. Kikombe tulilipa 100. Unafika, unasalimia mmoja mmoja kwa shikamoo, unakaa kitako, unakunywa. Usianze na maswali. Siku ya kwanza sisi tulizungumza mpira tu, Coastal na Yanga, na wakatuhadithia Coastal Union ilivyochukua ubingwa mwaka 1988 kama vile imetokea juzi. Siku ya pili nikawaagizia kahawa benchi zima, haifiki hata elfu moja na nusu, alafu mama akatoa ile picha.

Ikazunguka. Kila mzee anaishika kwa vidole viwili anaisogeza kwenye taa. Mmoja, mwembamba, kofia ya mkono imefuliwa mpaka imekuwa ya maziwa, aliishika muda mrefu, na pale ndo nikaona mkono wake wa kulia, kidole cha shahada kimeishia katikati. Akamuuliza mama, "Huyu alikuwa korona au mkataji?" Mama akasema mkataji. Akasema, "Basi simjui mimi, mimi nilikuwa korona, hiki kidole nimekiacha pale. Lakini wakataji wa kambi ya Waha waliobaki wako kijijini nyuma ya shamba, muulize bibi muuza machungwa kwenye kituo, ye ndo mtoto wa nyapara." Kisha akaanza kumueleza mwanangu kazi ya ukataji, majani 30 unafunga mzigo mmoja, mwiba uko kwenye ncha unaukata kwanza, na maji ya mkonge yanawasha mpaka usiku hulali. Mwanangu ana miaka kumi na moja, alinyamaza kabisa.

Wanawake mnaotaka kuuliza, kwenye baadhi ya mabaraza wanaume ndo wanakaa, nendeni kwa kina mama wa vitumbua wakati wanamaliza kuuza, mkalie kigoda msaidie kufunga vyombo. Mama yangu alipata habari nyingi kwao kuliko mimi, hasa za ndoa na za watoto waliolelewa na majirani.

HATUA YA 5: KWENDA SHAMBA

Mashamba ya mkonge ni mengi, kuna ya Pongwe na Kigombe upande wa pwani, kuna ya Korogwe kama Ngombezi, Magunga, Hale na Mwelya, usiende bila kujua unalolitaka. Muheza ni daladala tu kutoka mjini, Korogwe ni mbali zaidi karibu kilomita 100, huko bora mlale. Ongozeni kwa mtendaji wa kijiji na barua yenu, alafu kama kaburi liko ndani ya shamba ombeni ruhusa ofisini, msikatize mistari ya mkonge wenyewe.

Usiende mikono mitupu nyumba ya mtu. Sukari kilo mbili na majani ya chai, basi, inatosha na ni heshima. Hela usitoe mwanzoni, ukitoa mwanzoni umeyafanya mazungumzo biashara na utaambiwa unachotaka kusikia. Toa mwisho unapoaga, kwa mkono, kimya.

Chakula cha njiani bebeni chapati za asubuhi mlizoongeza, na machungwa mnunue Muheza, msimu wake ni raha, unapewa fungu mnashindwa kumaliza.

Yule bibi wa machungwa tulimkuta. Hakuangalia picha hata sekunde tano. Akasema, "Saidi wa Waha. Wewe ni mtoto wake yule mdogo, ulikuwa unaitwa Bahati." Mama hajaitwa Bahati tangu 1971. Tulipelekwa makaburini nyuma ya kambi ya zamani, vyumba vya kambi vimebaki kuta na mnazi umeota ndani ya kimoja, na makaburi yenyewe ni mawe tu kwenye nyasi, mengine mkonge umeshayafikia. Bibi akaonyesha kwa fimbo, la tatu toka kwenye mwembe. Tulisoma dua pale pamoja na mwalimu wa madrasa ya kijiji, tukafagia, watoto wakapanga mawe upya. Mchana wake tulikula kwa bibi ugali na kisamvu, hakutaka hela, tukamuachia sukari na kopi moja ya picha.

Nenda na kibao cha mbao kimeshaandikwa jina na miaka, kwa fundi mtaani ni bei ndogo sana, sisi hatukubeba, ikabidi tuandike kwa mkaa kwenye jiwe.

Kama babu alikuwa Mkristo uliza parokia. Vitabu vya ubatizo na ndoa vina majina ya wazazi na wasimamizi, na hao wasimamizi mara nyingi ni watu wa kijiji kimoja waliokuja pamoja. Upande wa Muheza kuna Magila, misheni ya Waanglikana ya tangu karne ya 19. Ongea na katekista kwanza, mpe siku mbili atafute, usimsimamie kichwani, na utoe sadaka.

HATUA YA 6: SIKU ZA KUSUBIRI, WATOTO WAENDE WAPI BURE

Kutakuwa na siku mnasubiri mtu. Hizi zote tulifanya bila kiingilio.

Bustani ya Jamhuri pale juu ya bahari, jioni, upepo ndo wenyewe, mnaangalia meli na kisiwa cha Toten kule mbele. Mbebe bagia zenu.

Stesheni ya reli, mtazame kwa nje na kuwasimulia watoto, hii reli na mkonge vimeingia mwaka mmoja. Mwaka huo huo wa 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika mizima 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 ndo ikaja mistari yote unayoiona barabarani toka Segera, na kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa kama tani 230,000 kwa mwaka, inaongoza dunia, na waliozikata ni hao tunaowatafuta. Mwanangu alirudia hiyo 62 kwa kila tuliyekutana naye.

Makaburi ya vita ya Novemba 1914, Waingereza walipoleta jeshi kutoka India likapigwa hapa Tanga. Panatunzwa vizuri, pametulia. Mama alikaa kivulini akasema kitu nakikumbuka, kwamba hawa kila mtu ameandikwa jina lake.

Machui, kusini mwa mji, ndo alipozikwa Shaaban Robert aliyefariki 1962. Nendeni na heshima ya kwenda nyumbani kwa watu, msalimie wenyeji kwanza.

Baiskeli. Tanga ni tambarare na baiskeli ni nyingi, mafundi wengine wanakodisha kwa saa kwa hela kidogo, sio bure ila watoto wanamaliza mchana mzima.

Kitu cha kulipia chagueni kimoja tu. Sisi tulichagua mapango ya Amboni, beba kitambulisho cha NIDA manake kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni. Lile jengo la boma la zamani lenye makumbusho ya Urithi lina picha za zamani za mji, kama una hela na muda wa vyote viwili ongeza na hilo.

HATUA YA 7: KABLA HAMJAPANDA BASI

Rudi barazani ukaage, hata kama umeshapata ulichokifuata. Acha namba ya simu imeandikwa kwenye karatasi kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, na chini uandike jina la babu na shamba lake, manake wazee wengi simu zao wanashikiwa na wajukuu. Sisi tuliacha karatasi tatu, kwa mtu wa kahawa, kwa mtendaji na kwa bibi wa machungwa. Kopi za picha pia ziacheni.

Usiku mmoja, wiki ya tatu toka turudi, mtu wa kahawa akapiga. Yule mzee wa korona kamkumbuka Muha mwingine aliyekuja lori moja na Saidi, alikuwa akimuita "mdogo wangu", alihamia Korogwe na watoto wake wapo Kwamndolwa mpaka leo. Mama ameshanunua sukari kilo nne, na kibao safari hii kipo tayari kwa fundi.